Karani aliyewatafuta watu elfu sita wa mji wake

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Mwanamke mfupi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anapambana na kufuli la chumba namba tisa katika jengo la halmashauri ya mji. Ufunguo unazunguka, kufuli halifunguki. Anauchomoa, anaupuliza, anaurudisha, kisha anausukuma mlango kwa bega kama anayemtania mtu waliyezoeana. Mlango unafunguka.

"Karibu masjala," anasema. "Usikanyage hayo ya chini, yanakauka."

Hayo ya chini ni mafaili. Yametandazwa sakafuni kama nguo zilizofuliwa, kurasa zimeachanishwa kwa vipande vya kadibodi. Dirisha la chumba linatazama mto, na mvua zikikolea unyevu hupanda ukutani hadi kwenye rafu ya kwanza.

Juu ya meza yake kuna karatasi mbili, zimebanwa kwa stepla nzito isiwe upepo ukazichukua. Ya kushoto imeandikwa 64,907. Ya kulia imeandikwa 58,212.

"Hii ni idadi ya watu wa mji huu miaka kumi na miwili iliyopita," anasema akigonga ya kushoto kwa kidole. "Na hii ni ya miaka miwili iliyopita. Haya, wewe ni mwandishi, umesoma. Watu elfu sita mia sita tisini na tano wamekwenda wapi?"

Karani anacheka, anashusha miwani machoni.

"Usijali. Mimi mwenyewe nilikaa na swali hilo miezi mitatu nikadhani kichwa kimeanza kuharibika."

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Amefanya kazi katika chumba hiki kwa miaka thelathini na mmoja, na mshahara wake wa karani daraja la pili haujapanda tangu miaka sita iliyopita. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote wanamwita Mama Mafaili. Ana watoto wawili wakubwa wanaojitegemea. Mumewe, dereva mstaafu wa lori la taka, humletea chakula cha mchana hapo hapo ofisini kwa sababu anajua akiachiwa atasahau kula.

Kazi iliyomchanganya ilianza kama kazi ndogo. Halmashauri ilitaka kusimamisha kibao kikubwa kwenye lango la daraja, pale magari yanapoingia mjini. Kibao kilitakiwa kuwa na jina la mji, mwaka ulipoanzishwa, na idadi ya wakazi. Mkurugenzi alimwita akamwambia amletee mwaka mmoja na namba moja.

"Nikamwambia bosi, kesho saa nne utavipata," anakumbuka. "Kesho ile imechukua mwaka mzima."

Mwaka wa kuanzishwa ndio uliomsumbua kwanza. Ndani ya masjala alipata miaka mitatu. Hati ya halmashauri ilitaja mmoja. Kipande cha chuma kilichotolewa kwenye lango la kiwanda cha ngozi, ambacho kimefungwa siku nyingi, kilitaja mwingine, wa nyuma zaidi kwa miaka ishirini. Kisha kulikuwa na daftari la kivuko, lililoliwa na mchwa pembeni, linaloonyesha kwamba watu walikuwa wakivushwa mto hapa kwa pantoni ya kamba hata kabla ya kiwanda.

Akamtafuta mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi mitambo kiwandani, ambaye baba yake alikuwa mvuta kamba wa pantoni. Mzee akamwambia mji haukuanzishwa na mtu yeyote. Kamba ilikatika. Abiria waliokuwa wakisubiri kuvuka wakasubiri wiki, wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa msimu. Kamba mpya ilipofika, wengine walikuwa wameshajenga na kuoa.

"Nikasema alhamdulillahi, nimepata. Nikamuuliza, mwaka gani? Akaniambia, mwanangu, watu waliokwama hawaandiki mwaka."

Siku mbili baadaye mtoto wa kike wa mzee huyo alimfuata ofisini kumwambia asiandike habari hiyo, kwani anavyojua yeye baba huwa anaisimulia kuhusu mji mwingine, wa kule juu mtoni, alikozaliwa mama yake. Mzee alipoulizwa tena akasema yote mawili ni kweli.

Karani akaliweka pembeni suala la mwaka, akageukia idadi ya watu. Hapo alitarajia kupumua. Idadi si hadithi, ni namba, na namba zipo kwenye ripoti za sensa.

Ripoti ikaonyesha mji umepungua.

"Nilitoka nje nikasimama barabarani," anasema. "Nilitaka kuona kwa macho yangu. Naona nyumba mpya. Naona shule imeongezwa madarasa, watoto wanaingia kwa zamu. Naona foleni ya maji. Halafu karatasi inaniambia tumepungua. Hakukuwa na vita, hakukuwa na njaa. Nikajiuliza, au nimehama mimi bila kujua?"

Kwa wakazi wa mji huu, jambo hilo halikuwa la kibao tu. Kwa utaratibu uliowekwa, mji wenye watu chini ya elfu sitini hauna sifa ya kuwa na hospitali kamili. Namba 58,212 ilipotangazwa, hospitali yao ilishushwa ikawa kituo cha afya. Daktari wa upasuaji akahamishwa. Chumba cha upasuaji kikafungwa, mlango wake ukabandikwa karatasi. Anayehitaji kupasuliwa hupelekwa mji jirani, mwendo wa saa tatu kwa gari, barabara ikiwa nzuri.

Mmoja wa waliopelekwa ni binti wa mdogo wake karani. Alishikwa na uchungu asubuhi, mtoto akiwa amekaa vibaya, na wauguzi wakasema hapa hawawezi. Mtoto aliamua mwenyewe kugeuka na kuzaliwa katikati ya safari, ndani ya gari, mikononi mwa muuguzi ambaye alikuwa akitapika kwa sababu ya kona za barabara. Mama na mtoto walipona, gari likageuza kurudi.

"Tulipokwenda kumwandikisha wakatuuliza mahali alipozaliwa," anasema binti huyo, akimbembeleza mtoto ambaye sasa ana mwaka na nusu. "Nikasema njiani. Wakasema njiani si mahali. Shangazi akawaambia, basi andikeni kilomita ya sitini na mbili."

Waliandika jina la mji jirani, ambako mtoto huyo hajawahi kufika.

Ni baada ya safari hiyo karani alipoanza kukaa masjala hata baada ya wenzake kuondoka saa tisa na nusu. Alichukua ripoti ya sensa ya mwisho akaipitia mtaa kwa mtaa.

Mji umekaa pande zote mbili za mto, hivyo kwa ajili ya sensa uligawanywa kanda mbili, ya mashariki na ya magharibi. Katika orodha ya mashariki, mbele ya jina la mtaa wa kiwanda cha ngozi, hakukuwa na namba. Kulikuwa na maneno mawili: angalia magharibi. Akafungua faili la magharibi. Mtaa ule ule ulikuwepo, na mbele yake maneno mawili: angalia mashariki.

"Nilirudi mashariki. Nikaenda tena magharibi. Nikarudi. Mume wangu amekuja na chakula akanikuta nahamisha macho huku na huku, akaniuliza unatazama mpira?"

Mtaa wa kiwanda ndiko alikozaliwa. Anaujua uchochoro kwa uchochoro. Mdogo wake, fundi baiskeli, anaishi huko hadi leo katika nyumba ya wazazi wao. Jumamosi iliyofuata akavuka daraja kwenda kumuuliza swali moja: mlihesabiwa?

"Tulihesabiwa bwana," fundi akamjibu, mikono imejaa grisi. "Chaki hiyo hapo mlangoni."

Kweli, kulikuwa na alama ya chaki, mduara na msalaba ndani yake. Nyumba ya pili nayo ilikuwa nayo. Nyumba ya tatu vilevile. Watu wote aliowauliza siku ile walisema walihesabiwa, na karani akarudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Kama walihesabiwa, namba yao iko wapi?

Ilimchukua wiki mbili kugundua kwamba chaki haikuwa ya sensa. Ilikuwa ya mamlaka ya maji. Vijana wao walipita mwezi ule ule kuweka alama nyumba zisizo na mita. Watu waliona kijana mwenye ubao wa kuandikia na kalamu, wakajua wamehesabiwa.

Lakini milangoni mle mle, juu ya chaki, aliona kitu kingine ambacho alikuwa amekitazama maisha yake yote bila kukiona. Nyumba za zamani zilikuwa na vibao vidogo vya bati vya sensa ya miaka kumi na miwili iliyopita. Kwingine mjini kila nyumba ya zamani ina kimoja, cha bluu kwa kanda ya mashariki au chekundu kwa kanda ya magharibi. Nyumba za mtaa wa kiwanda zilikuwa navyo vyote viwili.

"Nikakaa chini," anasema. "Nilikaa kwenye kizingiti cha mtu, mwenye nyumba akadhani nimezidiwa, akaniletea maji."

Ili kueleza alichokielewa siku ile, karani anamchukua mwandishi hadi kwenye eneo lenyewe. Tunavuka daraja kwa miguu. Upande wa pili tunapita katikati ya mtaa wa kiwanda, nyumba za tofali zilizobanana, mafundi wa milango, kinyozi chini ya turubai. Baada ya dakika kumi na tano nyumba zinakwisha na ardhi inashuka ghafla. Mbele yetu kuna bonde refu, pana, lililopandwa mboga. Sehemu moja ina magoli mawili ya miti.

"Huu ndio mto," anasema.

Mwandishi anatazama mchicha.

"Ulikuwa mto. Miaka ishirini na miwili iliyopita yalikuja mafuriko. Maji yalivunja ukingo kule juu, yakakata njia mpya. Yalipotulia, mto ukabaki huko ulikokata, kule tulikovuka daraja. Sisi wa mtaa wa kiwanda tulilala mashariki ya mto, tukaamka magharibi yake. Hatukuhama hata hatua moja."

Ramani ya mji haikubadilishwa. Kwenye ramani, mto bado unapita penye mchicha. Sensa ya kwanza baada ya mafuriko, makarani wa mashariki walifuata ramani, wakavuka daraja na kuuhesabu mtaa wa kiwanda kama wao. Makarani wa magharibi walifuata macho yao, wakahesabu kila mtu hadi kwenye maji. Mtaa mzima ukahesabiwa mara mbili. Inaonekana mtu fulani baadaye aliligundua kosa, maana kwa sensa iliyofuata maelekezo yalibadilishwa. Mashariki wakaambiwa waishie kwenye maji. Magharibi wakaambiwa waishie kwenye mpaka wa ramani. Kila upande ukatii.

"Mara ya kwanza walituhesabu mara mbili," anasema karani. "Mara ya pili hawakutuhesabu kabisa. Na hakuna aliyekosea! Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Kila mmoja alifanya alichoambiwa."

Alimwandikia mkurugenzi barua. Ikakaa. Akaandika nyingine. Akajibiwa kwamba suala limepokelewa. Kwa mtu anayejua hasa mahali barua zilizopokelewa zinapowekwa, jibu hilo halikumpa matumaini.

Basi akanunua madaftari manane ya shule, yale ya mistari mikubwa, akaanza kuhesabu mwenyewe.

Alihesabu kila Jumamosi na Jumapili kwa miezi mitano. Kanuni yake ilikuwa moja, aliyoitoa kwenye mwongozo wa sensa: andika aliyelala ndani ya nyumba hii usiku wa kuamkia leo. Alidhani kanuni hiyo ingemaliza ubishi. Haikumaliza.

Mama mmoja alitaka mumewe aandikwe, ingawa aliondoka miaka mitatu iliyopita kwenda kutafuta kazi. Karani akamuuliza, jana alilala hapa? Mama akajibu, "Viatu vyake vililala." Uchochoro wa pili, wake wawili wa fundi rangi mmoja, wanaoishi nyumba mbalimbali, kila mmoja aliapa bwana alilala kwake. Karani alipomuuliza fundi mwenyewe faraghani, ilionekana hakulala kwa yeyote kati yao. Akamwandika kwa mke mkubwa na kumwomba Mungu msamaha.

Wengine walimfungia milango. Walidhani anahesabu nyumba za kubomoa. Kuna baba aliyemtajia watoto wawili wakati karani anawasikia wanne wakigombana uani.

"Nikamwambia, baba, na hao wengine? Akasema hao ni redio. Nikamwambia redio yako inaomba chai."

Nyumba ya mdogo wake aliiacha kwa makusudi hadi mwisho.

Mtaani fundi baiskeli huyo haitwi kwa jina lake. Anaitwa Marehemu. Wateja wanapiga kelele toka mbali, "Marehemu, nijazie upepo!" naye anaitika. Mgeni anaposhangaa, fundi humwambia aende masjala akaulize.

Mafuriko yalipopiga, alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, kibarua wa kiwandani. Maji yalimchukua pamoja na ukuta wa ghala. Siku ya tatu hakuonekana. Siku ya saba mama yao aliacha kuuliza, akaanza kulia. Karani, wakati huo mwajiriwa wa miaka tisa kazini, ndiye aliyepewa kuchapa orodha ya waliokufa ili ipelekwe makao makuu. Ilikuwa na majina arobaini na moja. Siku ya kumi na mbili, kwa mikono yake mwenyewe, alichapa jina la mdogo wake kwenye mstari wa thelathini na nne.

"Hakuna aliyenilazimisha," anasema, na kwa mara ya kwanza hatazami usoni. "Mkubwa wangu aliniambia kama una shaka, acha nafasi. Nikaona nikiacha nafasi mama ataendelea kusubiri. Nilitaka apumzike. Nikachapa."

Siku ya kumi na tisa, mtu mwenye mguu uliofungwa vipande vya mbao aliteremshwa na lori la mkaa mbele ya nyumba yao. Alikuwa amelazwa katika zahanati ya wakulima, mbali chini ya mto, amepoteza fahamu siku tano na hana namna ya kupeleka habari.

"Nafika nyumbani nakuta watu wamekaa," anasema fundi. "Nikauliza, nani kafa? Mama ndiye aliyesema, ni wewe."

Familia ilisherehekea. Orodha ilikuwa imeshakwenda. Karani aliandika barua ya kusahihisha, akajibiwa kuwa orodha imefungwa. Kwa miaka mingi halikuwa jambo kubwa, hadi vitambulisho vya taifa vilipoanza kutolewa kwa kompyuta. Fundi alipokwenda kuchukua chake, binti wa dirishani akatazama kioo, akamtazama yeye, akatazama kioo tena.

"Akaniambia, baba, pole, hapa inaonyesha umefariki. Nikamwambia pole zimefika, nipe kitambulisho. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akaja akasema aje ndugu wa marehemu."

Hajapata kitambulisho. Hawezi kumdhamini mtu, na hawezi kuandikisha duka lake. Alipokwenda kusaini fomu ya binti yake kupelekwa mji jirani siku ile ya uchungu, saini yake ilikataliwa, wakapoteza nusu saa kumtafuta karani.

Kwa hiyo Jumapili ya mwisho, karani aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda cha baiskeli, akafungua daftari la nane.

"Wangapi walilala hapa?" akauliza dada.

"Mke wangu. Binti yako. Mjukuu wako. Na marehemu mmoja."

Fundi alitarajia acheke, maana utani huo ni wa miaka yote. Dada hakucheka. Kalamu ilisimama juu ya karatasi.

"Akaanza kulia," anasema fundi. "Mimi nikachanganyikiwa. Miaka ishirini na miwili namtania mtu kumbe namchoma. Nikamwambia, dada, andika jina langu. Akasema siwezi, andika wewe. Nikachukua kalamu nikajiandika mwenyewe. Grisi tupu, ila linasomeka."

Jumla ilikuwa watu 6,318.

Jumatatu karani aliyapanga madaftari manane juu ya meza ya mkurugenzi. Mazungumzo yaliyofuata anayasimulia kwa kuigiza sauti zote mbili.

"Mama, nilikuomba mstari mmoja wa kibao."

"Mstari ndio huo, bosi. Ila una madaftari manane."

"Nchi hii ina ofisi ya takwimu. Wewe ni masjala."

"Ndiyo, bosi. Ndiyo maana nimeyaleta kwako, uyapeleke kwao."

Mkurugenzi, ambaye alikubali kuzungumza na mwandishi kwa sharti asitajwe, anasema siku ile alikasirika kweli. "Nilijua nikipeleka nitaonekana nabishana na serikali. Nikayafungia kabatini. Halafu kila nikikaa nayaona. Jioni moja nikafungua la kwanza, nikasoma ile habari ya redio inayoomba chai. Alikuwa ameiandika pembeni. Nikasoma mpaka la nane. Asubuhi nikayapeleka."

Ofisi ya takwimu ilituma maofisa wawili, mwanamke na mwanamume wa makamo, wenye vishikwambi. Karani aliwavusha daraja, akawapitisha mtaani, akawafikisha kwenye mchicha. Mwanamke akainua kishikwambi chake kupima walipo. Akakitikisa. Akampa mwenzake.

"Kifaa kinasema tumezama," akasema.

Walikaa siku nne. Walichagua nyumba mia moja na kuzihesabu upya, kisha wakalinganisha na madaftari. Walipata watu saba zaidi ya aliowaandika karani. Yeye anasema huenda wamezaliwa, huenda aliwaruka, na huenda ni redio.

Barua ilifika baada ya miezi minne. Ilisema mtaa wa kiwanda haukuhesabiwa katika sensa iliyopita, na kwamba wakazi wake wataongezwa kwa makadirio hadi sensa ijayo. Kuhusu madai kwamba katika sensa ya nyuma walihesabiwa mara mbili, barua ilisema hayawezi kuthibitishwa. Kwa makadirio hayo mji umevuka elfu sitini. Daktari wa upasuaji amerudi, lakini kwa kugawana na mji jirani, siku tatu kwa wiki. Wanawake wa mjini wameshazoea kutaniana: ukishika mimba, piga hesabu uzae Jumatatu, Jumatano au Ijumaa.

Kibao nacho kimesimamishwa. Jina la mji lipo, kwa herufi kubwa. Mahali pa mwaka wameacha wazi. Mahali pa idadi wameandika: inahakikiwa.

Madereva wanakicheka. Karani hakicheki. Anasema ndicho kibao cha kweli kuliko vyote alivyowahi kuona, kisha anakunja uso, kana kwamba hana uhakika na alichokisema.

"Watu wanadhani sasa nimeelewa," anasema. "Sijaelewa. Mwaka sijui. Wale saba siwajui. Kama walituhesabu mara mbili kweli, basi zamani tulikuwa wachache kuliko tulivyojiona, na mimi nimeishi miaka kumi nikidhani mji wangu ni mkubwa. Nimetoka kwenye fumbo moja nimeingia la pili. Ila la pili nimeingia na watu elfu sita."

Mwezi uliopita alimchukua mdogo wake, wakaenda pamoja kwa msajili wakiwa na nakala ya ukurasa wa daftari la nane, uliogongwa muhuri na ofisi ya takwimu. Karani aliapa mbele ya hakimu kwamba mstari wa thelathini na nne aliuchapa yeye na kwamba haukuwa wa kweli. Walipewa barua ya muda wakati faili linafanyiwa kazi. Inasema mtajwa anachukuliwa kuwa yu hai kwa kipindi cha miezi sita.

"Nimeongezewa muda," fundi anasema. Barua ameifunga kwenye nailoni na kuitundika kibandani, juu ya pampu. Kuna wateja wanaoanza kumwita kwa jina lake, naye mara nyingine anasahau kuitika.

Karani anastaafu baada ya miezi kumi na minne. Sensa ijayo ni baada ya miaka minane, naye atakuwa na sitini na sita. Hata hivyo ameshaandika barua ya kuomba kuwa karani wa sensa katika mtaa wa kiwanda. Tangazo la mara iliyopita lilitaka waombaji wenye umri usiozidi arobaini na tano. Analijua, kwa sababu faili la tangazo hilo liko kwake, rafu ya tatu.

"Wanaweza kukataa," anasema akiinuka kugeuza kurasa zinazokauka sakafuni. "Mimi nitapita hivyo hivyo, mwaka huu, na mwaka ujao. Nimewaahidi. Kila Januari naanza nyumba ya kwanza, nauliza nani kazaliwa, nani kahamia, nani hayupo. Nikiwa na shaka naacha nafasi."

Anainua ukurasa mmoja, anautazama kwenye mwanga wa dirishani kuona kama umekauka, anaurudisha chini taratibu.

"Safari hii," anasema, "naacha nafasi."